Ubongo Hausubiri Chupa ya Mafuta



Leo tunasema na wauza chupa. Huku kwetu Mwanza, sokoni na kwenye magrupu ya simu, yanauzwa mafuta ya habbat soda na manjano kwa maneno haya: yanatibu kiharusi, yanazibua mishipa, yanarudisha ubongo. Juu ya chupa imebandikwa hadithi ya Mtume (S.A.W.). Sisi nasi ni wafanyabiashara, utamu wa faida tunaujua. Lakini biashara hii tunaipinga.

Habbat soda hatuibezi. Hadithi yake ni sahihi, ipo kwa Bukhari na Muslim, na majumbani tunaitumia. Kwamba mimea hutoa dawa, nani atabisha? Dawa ya mseto ya malaria ina kiini kilichotokana na mmea wa artemisia, na Tu Youyou wa China aliyekigundua alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2015. Hata kwa kiharusi, China iliruhusu mwaka 2002 dawa ya butilifthalidi, iliyoanzia kwenye mbegu za selari. Lakini dawa hizo zilipimwa kwa wagonjwa, zikajulikana kipimo chake na madhara yake. Chupa yako imepimwa na nani?

Ni kweli kiini cha habbat soda, thaimokwinoni, na kile cha manjano, kurkumini, vimekinga ubongo wa panya maabara. Panya, si mama mkwe wako. Mwaka 2006 watafiti walihesabu tiba 1,026 za kiharusi zilizojaribiwa maabara. Nyingi ziliwafaa wanyama; zilipofika kwa binadamu, karibu zote hazikufua dafu.

Na huku saa inakwenda. Mshipa mkubwa ukiziba, kila dakika zinakufa seli za ubongo kama milioni 1.9. Dawa ya kuyeyusha bonge la damu hutolewa ndani ya saa 4 na nusu tangu dalili zianze, na si kila hospitali inayo. Tena viharusi ni viwili: mshipa ulioziba na mshipa uliopasuka. Jicho haliwezi kuvitofautisha, wala ulimi wa muuzaji. Kinachotofautisha ni kipimo cha CT, kama kilichopo Bugando. Aliyevuja damu kichwani hata aspirini hapewi, sembuse mafuta ya "kulainisha damu"! Na wagonjwa wengi hushindwa kumeza. Kijiko unachomnywesha kwa huruma kinaweza kuingia mapafuni.

Anayetoka Nansio, Ukerewe, tayari ana saa kadhaa za ziwani mbele yake. Wa Sengerema na Geita wamefunguliwa daraja la Kigongo–Busisi Juni 2025, hawangoji tena kivuko. Daraja limejengwa, halafu mgonjwa alazwe ndani siku tatu akipakwa mafuta?

Bi harusi, somo amekufundisha udi, usafi na kumpokea mume. Akufundishe na hili, maana huenda ukaishi na mkwe mwenye presha. Mdomo ukipinda, mkono ukilegea, maneno yakivurugika, usiseme kapigwa na jini. Tazama saa ujue dalili zimeanza lini, usimpe kitu mdomoni, mlaze ubavu, tafuta gari. Na kabla ya siku hiyo, hakikisha anapimwa presha na anameza vidonge vyake kila siku, hata akijisikia mzima. Hiyo ndiyo kinga ya ubongo iliyothibitika, na haina tangazo kwenye grupu.

Mtume (S.A.W.) ametuamrisha tujitibu, na Qur'ani imetuelekeza kuwauliza wenye elimu. Kuifanya hadithi lebo ya kumchelewesha mgonjwa si kufuata sunna, ni kuifanyia biashara.

Wauzaji, uzeni habbat soda kama habbat soda, na neno kiharusi liondoeni kwenye chupa. Sisi mafundi tukiharibu kitambaa cha bibi harusi, tunamnunulia kingine. Ninyi mtanunua wapi ubongo wa mama wa mtu?

Wabillahi tawfiq.