Gemu ikigoma ukumbini usililaumu bando, anwani zimeisha

Vijana wengi wa Dodoma wanaijua hii. Mashindano ya eFootball yanaanza, ukumbi umejaa, intaneti imelipiwa, ila simu yako imeganda kwenye "inapata anwani ya IP". Mwenzako pembeni anacheza kama kawaida.

Mara nyingi spidi haina kosa. Kila simu inayoingia kwenye Wi-Fi lazima ipewe anwani yake, na ruta ya kawaida ya nyumbani hugawa anwani zisizozidi 253. Wachezaji 60 na watazamaji 200, hesabu imeshagoma. Tena ruta nyingi humtunzia mtu anwani kwa saa 24, hata kama ameshapanda bodaboda kurudi Nkuhungu.

Hilo linatibika. Waandaaji wapunguze muda huo hadi dakika 30, watumie ruta inayoweza kugawa anwani hata 1,000, na Wi-Fi ya wachezaji itengwe na ya watazamaji. UDOM ina ndaki nzima ya TEHAMA, CIVE, kwa hiyo wa kuifanya kazi hii hawako mbali.

Ugumu uko nje ya ukumbi. Huko, wote mliomo ndani mnaonekana kwa anwani moja. Seva ya gemu ikiona akaunti mia zinatoka sehemu moja, inaweza kudhani ni shambulio na kufunga mlango. Na mmoja akichiti, anwani ikifungiwa, mmeadhibiwa wote.

Kwa nini mgawane moja? Anwani za mfumo wa zamani, IPv4, ni kama bilioni 4.3 tu kwa dunia nzima. AFRINIC, taasisi iliyoko Mauritius inayozigawa Afrika, ilianza kuzibana mwaka 2017, na tangu 2020 ombi moja halizidi anwani 1,024. Juu ya hapo, kesi za mahakamani ziliiacha bila bodi kwa miaka. Uchaguzi wa Juni 2025 ukafutwa, bodi mpya ikapatikana Septemba.

Dawa ya kudumu ni IPv6, ambayo kila simu inapata anwani yake na nyingine zinabaki. Ila kampuni za intaneti na wenye gemu wote wahamie huko, upande mmoja hautoshi.

Kwa sasa, kabla hujalipa kiingilio, ukishamuuliza mwandaaji spidi ya net, muulize na hili: anwani zipo ngapi?