Picha Zao Zina Wakili, Wakfu Wetu Hauna



Tunamshukuru Mwenyezi Mungu (S.W.) aliyetujaalia kukutana tena katika kurasa hizi, na tunamsalia Mtume wetu (S.A.W.), aliyejulikana kwa jina la Mwaminifu kabla hata ya kupewa utume.

Mwezi huu tumekusudia kuzungumzia jambo litakalowastaajabisha baadhi yenu: nyumba ya picha katika mji wa Detroit, Marekani. Tunalijua swali litakaloulizwa barazani baada ya swala ya Ijumaa: "Hawa nao wamepatwa na nini? Sisi na masanamu wapi na wapi?" Tunaomba subira yenu. Hatukuja kusifu picha, wala hatukuja kuhalalisha kilichoharamishwa. Tumekuja kuzungumzia amana. Na tumekuja kwa uchungu, kwa sababu watu wa Detroit wamesimama mahali ambapo sisi ndio tuliopaswa kuwa tumesimama zamani.

MJI ULIOFILISIKA

Jumba la sanaa la mji huo, liitwalo Detroit Institute of Arts, lilianzishwa mwaka 1885. Mwaka 1919 likawa mali ya mji, na mwaka 1927 likahamia katika jengo lake la sasa. Katika miaka ya neema, magari ya Detroit yalipokuwa yakienda dunia nzima, mji ulitenga fedha za kodi kununulia kazi za sanaa. Mwaka 1922 ulinunua picha ambayo mchoraji Van Gogh alijichora mwenyewe, na mwaka 1930 ukanunua picha ya harusi ya kijijini iliyochorwa na Bruegel. Mwaka baada ya mwaka hazina ikakua, hata ikapita vitu 60,000.

Kisha neema ikaondoka. Viwanda vikafungwa, watu wakahama, kodi ikapungua, madeni yakabaki. Tarehe 18 Julai 2013 mji ukaenda mahakamani kujitangaza kuwa umefilisika, ukiwa na deni lililokadiriwa kufikia dola bilioni 18. Wadai wakatazama huku na huku kutafuta cha kushika, na macho yao yakatua juu ya jumba la sanaa. Agosti ya mwaka huo ikaajiriwa kampuni ya mnada ya Christie's kupima thamani ya vitu vilivyonunuliwa kwa fedha za mji. Desemba ikaleta hesabu yake: vitu takriban 2,800, thamani yake kati ya dola milioni 454 na milioni 867.

Ebu tafakarini hali ya watunzaji wa nyumba ile katika mwaka huo. Asubuhi wanapima unyevu wa vyumba na kusafisha vumbi. Mchana anaingia mpima bei na daftari lake. Hata hivyo milango haikufungwa. Oktoba 2013 walifungua maonyesho ya historia ya filamu za katuni, na Machi 2014 wakafungua maonyesho ya panga na deraya za wapiganaji wa kale wa Kijapani. Mlinzi wa amana haachi kazi kwa sababu tu mwizi yuko mlangoni, wala kwa sababu mdai ameshika hati ya mahakama.

MANENO YA MWANASHERIA

Kabla hata kesi haijafunguliwa, tarehe 13 Juni 2013, Mwanasheria Mkuu wa jimbo la Michigan, Bill Schuette, alikwisha kutoa maoni yake rasmi. Alisema kuwa kazi zile zimeshikwa kwa amana kwa ajili ya watu wa Michigan, na kwamba hazifai kuuzwa ili kulipa madeni ya mji.

Ndugu zetu, yatazameni vizuri maneno hayo. Mwenye kushika si mwenye kumiliki. Deni la mshikaji haliigusi amana aliyoishika. Kilichotolewa kwa ajili ya watu wote, waliopo na watakaozaliwa, hakiingii katika mfuko wa anayekitunza leo. Je, lugha hii ni ngeni kwetu? Si ndiyo lugha ya Sayyidna Umar (R.A.) alipopata ardhi kule Khaybar, akamwendea Mtume (S.A.W.) kutaka shauri, kisha akaifunga ardhi ile isiuzwe, isirithiwe wala isitolewe zawadi, na manufaa yake yawaendee mafukara, jamaa na wasafiri? Huo ndio wakfu. Sisi tumeujua tangu karne ya kwanza ya Hijria.

Na si hilo tu. Majumba ya sanaa ya Marekani yamejiwekea kanuni kwamba kitu kikiuzwa kutoka katika hazina, fedha yake haiendi kwenye mishahara wala kwenye bati la paa. Kwa miaka mingi ilitakiwa inunue kitu kingine cha hazina. Mwaka 2022 wakaongeza ruhusa ya kuitumia katika kuvitunza vitu vyenyewe. Aliyesoma fiqhi atatabasamu hapa, kwa kuwa jambo hili linafanana na mlango wa istibdali, yaani kubadilisha mali ya wakfu kwa nyingine ya mfano wake. Mafakihi wamekhitalifiana juu yake, na wenzetu wa madhehebu ya Shafii, ambayo ndiyo ya pwani yetu, wamekaza mno. Lakini hakuna hata mmoja miongoni mwao aliyesema kwamba mwenyekiti wa kamati anaweza kuuza kiwanja cha msikiti kwa sahihi ya watu watatu waliokutana baada ya Isha.

NA WASTAAFU JE?

Lipo swali zito, na hatutalikwepa. Miongoni mwa wadai wa Detroit hawakuwamo wenye mabenki peke yao. Walikuwamo askari wa zimamoto, makarani na wafagizi wa barabara, watu wazima waliotumikia mji wao maisha yao yote na sasa pensheni zao zilikuwa zinataka kukatwa. Mtu mwenye moyo atauliza: picha ukutani ina thamani gani mbele ya mkate wa ajuza?

Jibu lao ndilo lililotufanya tuandike. Hawakuchagua picha wakawatupa wazee, wala hawakuuza amana kwa kisingizio cha huruma. Walitafuta njia ya tatu. Mifuko ya hisani, miongoni mwao Ford na Kresge, iliahidi dola milioni 366. Jimbo lilitoa karibu dola milioni 195. Jumba lenyewe lilijifunga kukusanya dola milioni 100. Fedha zote zilielekezwa katika mifuko ya pensheni, na jumba likatolewa katika milki ya mji likakabidhiwa chombo kisicho cha faida, ili asitokee tena mdai wa mji akalinyooshea kidole. Tarehe 7 Novemba 2014 Jaji Steven Rhodes aliidhinisha mpango huo, akaeleza kwamba kuuza hazina ile kungekuwa ni kuitupa kesho ya mji.

Hatusemi hakuna aliyeumia. Wastaafu wa kawaida wa mji walikatwa asilimia 4.5 ya pensheni zao na wakapoteza nyongeza ya kila mwaka ya kupanda kwa maisha. Ni maumivu ya kweli kwa mtu asiye na kingine. Lakini bila mapatano yale makato yangekuwa makubwa zaidi, na hakuna picha hata moja iliyouzwa kulipia deni.

Tena kumbukeni: mwaka mmoja kabla ya kufilisika, Agosti 2012, wakazi wa kaunti tatu, Wayne, Oakland na Macomb, walipiga kura kujitoza wenyewe kodi ya majengo ili jumba lile liendelee kuishi, nao wapate kuingia bure na wanafunzi wao wapelekwe kujifunza. Mwaka 2020 wakapiga kura kuiendeleza. Ndani ya kaunti ya Wayne umo mji wa Dearborn, wenye jamii kubwa ya Waislamu. Kwa hiyo wamo ndugu zetu katika imani wanaolipa kodi hiyo.

MSAHAFU ULIO UGENINI

Huenda bado yupo anayesema: picha ni zao, sisi halituhusu. Basi ajue kwamba katika hazina ile umo msahafu ulioandikwa karne ya 15 Miladia, zama za watawala wa ukoo wa Timur, juu ya karatasi za rangi zilizotoka China na kunyunyiziwa dhahabu. Uliingia katika jumba lile mwaka 1930. Laiti hazina yote ingetiwa mnadani, kama baadhi ya wadai walivyotaka, Kitabu cha Mola wetu kingenadiwa pamoja na masanamu. Waliokiokoa ni watu wasiokisoma.

Wengi wetu hupenda kulia kwamba wageni wamechukua turathi zetu. Wapo waliopora, na hilo halina ubishi. Lakini tuwe wakweli: vingapi vimetoka mikononi mwetu kwa kuuzwa na waliokabidhiwa kuvilinda? Milango mingapi ya nakshi imeng'olewa na kupakiwa, mwenye nyumba akihesabu noti? Na vilivyobaki tumevifanyia nini?

Tumeingia katika chumba cha nyuma cha msikiti mmoja, hatutautaja, tukaona vitabu vya mkono vya masheikh waliotangulia vimefungwa katika gunia la sandarusi juu ya sakafu. Mchwa walikuwa wamekwisha kula majalada na kufika katikati. Tulipouliza ni vya nani, tukaambiwa ni vya wakfu. Tulipouliza ni vingapi, hakuna aliyejua. Tulipouliza mwangalizi ni nani, kila mmoja akamtazama mwenzake.

Zanzibar, Beit al-Ajaib, jumba alilolijenga Sayyid Barghash mwaka 1883 na ambalo baadaye likawa makumbusho, liliporomoka upande mmoja tarehe 25 Desemba 2020 na kuua watu. Halikuanguka siku moja. Nyumba huanza kuanguka siku ile ufa wa kwanza unapoonekana na kila mtu akadhani ni kazi ya mwingine.

Wala hatusemi kwamba hatuwezi. Maandishi ya kufi ya msikiti wa Kizimkazi, ya mwaka 500 Hijria, yangali yakisomeka kwenye kibla. Vitabu vya mkono vya Msikiti wa Riyadha, Lamu, vimepigwa picha na nakala zake kuhifadhiwa katika mradi uliosaidiwa na Maktaba ya Uingereza, huku vitabu vyenyewe vikibaki Lamu kwa wenyewe. Palipo na nia, njia haikukosekana.

TUNACHOKITAKA

Majumba kama lile la Detroit hutoa taarifa kila mwaka: tumeonyesha hiki, tumenunua hiki, tumepewa hiki na fulani, tumekitengeneza hiki kilichokuwa kinaharibika, na fedha zimetoka hapa zikaenda pale. Tunaziuliza kamati za misikiti yetu: ni lini mara ya mwisho mliwasomea waumini taarifa ya namna hiyo? Mwenyezi Mungu (S.W.), katika Suratul Baqara, ametuamrisha kuandika deni la watu wawili mbele ya mashahidi. Vipi basi tuache bila maandishi mali ya umma mzima?

Tunataka mambo manne, na hakuna hata moja linalohitaji fedha ya mfadhili.

Kwanza, kila msikiti uwe na daftari la wakfu: kiwanja, nyumba, minazi, misahafu, vitabu, saa ya ukutani, na jina la aliyetoa pale linapojulikana. Nakala moja ikae nje ya msikiti.

Pili, daftari hilo lisomwe hadharani mara moja kila mwaka, pamoja na mapato na matumizi, mbele ya wanaume na wanawake.

Tatu, vitabu vya kale viondolewe sakafuni leo hii. Viwekwe katika kabati lisilogusa ukuta wala ardhi, mbali na jua na uvujaji, vifungwe kwa kitambaa safi cha pamba na si kwa plastiki inayofungia unyevu. Visigandishwe kwa selotepu. Kila ukurasa upigwe picha. Vijana wetu wanazo simu zinazotosha kwa kazi hiyo.

Nne, kila wakfu uwe na wakili, mtu anayejulikana kwa jina, mwenye kusema "hapana" anapokuja mnunuzi. Detroit palikuwa na mtu wa namna hiyo, na "hapana" yake ilitangulia kesi.

Watakuwapo watakaotukasirikia: mbona mmetufananisha na wasiokuwa Waislamu? Tunawajibu kwa adabu: hatukuwafananisha nao. Laiti tungefanana nao katika hili, tusingeandika. Wao walikuwa na hofu ya mahakama ya Michigan na aibu mbele ya wajukuu wao, hofu hiyo ikawatosha kuilinda picha ya harusi ya wakulima. Sisi tunaamini kwamba tutasimamishwa mbele ya Mola wetu kuulizwa juu ya kila amana, kama tulivyoamrishwa katika Suratun Nisaa tuzifikishe kwa wenyewe. Mwenye imani hiyo, kisha akauza kiwanja cha marehemu aliyekitoa ili asomewe dua mpaka Kiyama, amejitayarishia jibu gani?

Yule marehemu hana sauti tena. Alituachia kiwanja chake, na akatuachia sisi tuwe ulimi wake. Tukinyamaza, amenyamaza.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu (S.W.) atujaalie kuwa waaminifu kwa tulivyokabidhiwa, awarehemu waliotoa, na awaongoe wenye kula. Amin.

Wabillahi tawfiq.