Bibi anakwenda kulea mzazi Uingereza, hati ya mshahara isimwangushe

Binti yuko Leicester, ana mimba ya miezi sita. Jioni moja anampigia mama yake, muuguzi wa Biharamulo: "Shikamoo mama. Naomba uje unilee, arobaini ikiisha urudi." Mama anaitika marahaba, na kesho yake anaanza kukusanya karatasi.

Huo ni mfano tu, lakini familia nyingi zenye watoto ughaibuni zitajiona humo.

Viza inayomhusu mama huyu ni ya mgeni wa matembezi, ambayo kwa kawaida haizidi miezi sita. Kumsaidia binti na mjukuu kwa muda mfupi kunaruhusiwa. Kwenda kufanya kazi ya yaya hakuruhusiwi. Afisa anayesoma maombi hutaka kujua mambo mawili makubwa: nani atagharamia safari, na je, mama atarudi nyumbani? Hati ya mshahara, ile watumishi wanayoiita salari slipu, husaidia kujibu yote mawili.

Kwa mgeni hakuna kiwango cha mshahara kilichopangwa. Afisa huangalia kama karatasi zote zinasema neno moja. Tuseme barua ya mwajiri inataja mshahara wa Sh980,000, lakini benki inaonyesha zimeingia Sh520,000. Mama anajua sababu: kodi, PSSSF, bima ya afya na mkopo wa nyumba. Afisa hajui. Kwa hiyo hati yenye makato yote iwekwe pamoja na taarifa ya benki ya miezi ileile, na kiasi kilichobaki kwenye hati kilingane na kilichoingia benki. Kama ipo tofauti, ielezwe kwa barua fupi.

Je, ziwe hati za miezi mingapi? Kwa viza ya mwenza anayeomba kwa kutumia kipato cha ajira, kipimo cha kawaida ni miezi sita. Mgeni naye akifuata kipimo hicho hatakosea.

Hati nyingi siku hizi hupakuliwa mtandaoni, hazina saini wala mhuri. Ni busara mwajiri aandike barua yenye nembo ya ofisi, akithibitisha kuwa hati hizo ni zake, akitaja cheo, tarehe ya kuajiriwa na siku za likizo alizoruhusu. Barua ikiwa ya Kiswahili, itafsiriwe kwa Kiingereza, na mtafsiri aweke jina, saini, tarehe na mawasiliano yake. Majina yalingane na ya pasipoti, herufi kwa herufi.

Kuna mtego mwingine. Likizo ya mwaka ni siku 28, arobaini ni siku 40. Mama akiomba kukaa miezi mitatu huku barua ya likizo inasema siku 28, hati yake ya mshahara inaanza kumsaliti: kazi hiyo anairudia lini? Achague siku 28 ambazo binti atamhitaji zaidi, au aombe ruhusa ya ziada kwa mwajiri kwanza, nayo iandikwe.

Kama nauli inatoka kwa binti, naye atume hati zake za mshahara, taarifa ya benki na uthibitisho wa kuishi kwake kihalali. Asimtumie mama fedha nyingi kwa mkupuo bila maelezo.

Akitokea mtu stendi au mjini anayeahidi "kutengeneza" salari slipu nono, akimbiwe. Udanganyifu ukigundulika, mwombaji anaweza kufungiwa kuingia Uingereza kwa miaka 10. Mjukuu atakuwa amefika darasa la nne bila kumwona bibi yake.

Alama za vidole huchukuliwa Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 1,000 kutoka Biharamulo, na ada hairudishwi viza ikikataliwa. Kabla ya kupanda basi, mama azitandaze karatasi zote mezani na kumpa mtu mwingine azisome. Msomaji huyo akiuliza swali, afisa naye ataliuliza. Jibu lake liandikwe kabla ya safari.