Mkato katika Jina la Mtu: Hoja juu ya Uorodheshaji wa Waandishi wa Kiswahili

Katika marejeo ya makala na tasnifu nyingi za Kiswahili, jina la mwandishi hugeuzwa: la mwisho hutangulizwa, likafuatiwa na mkato, kisha herufi za mwanzo za majina yaliyosalia. Aghalabu utaratibu huu huchukuliwa kuwa ni jambo la uchapaji tu. Lakini mkato huo una dai ndani yake, nalo ni kwamba neno lililoutangulia ni jina la ukoo. Kwa waandishi wengi wa pwani na visiwani, dai hilo si la kweli.

Kwa desturi, jina la Mswahili ni nasaba. Mtu hutajwa kwa jina lake, kisha la babaye, kisha la babuye, ikiwa "bin" au "binti" itaandikwa au itaachwa. Jina la mwisho, kwa hiyo, ni pale tu nasaba ilipokomea. Mfano ulio wazi ni wa mtunzi wa Utengano (1980). Riwaya zake zimechapishwa kwa jina la Said Ahmed Mohamed, ilhali makala zake kadhaa za uhakiki zimetoka kwa jina la Said A. M. Khamis. Jina ni lile lile, ila nasaba imesogezwa hatua moja. Katika faharasa, hata hivyo, mtu mmoja amekuwa wawili: mmoja yuko chini ya M, mwingine chini ya K. Mwanafunzi asiyelijua hilo aweza kumleta Khamis kuwa shahidi wa kumhakiki Mohamed, asitambue kwamba ni mtu yule yule anayejizungumzia.

Kinyume chake pia hutokea. Mohamed Suleiman Mohamed, mtunzi wa Nyota ya Rehema (1976), huwekwa sambamba na Said Ahmed Mohamed kana kwamba ni wa ukoo mmoja, na ndani ya matini "Mohamed (1976)" na "Mohamed (1980)" husomeka kama hatua mbili za kalamu moja. Naye Shaaban Robert huonekana pengine kama "Robert, S." na pengine kama "Shaaban, R." Katika namna ya kwanza kazi ya mwana imeandikwa kwa jina la baba, katika ya pili, jina la baba limefanywa kuwa ndilo la mtunzi mwenyewe. Utaratibu huo huo ukishikwa bila kufikiri, Mwana Kupona binti Msham, aliyetunga utendi wake mwaka 1858, atageuka "Msham, M. K." Hapo mshairi mwanamke atakuwa amefutwa na alama mbili tatu za uandishi.

Ritifaa nayo yastahili kuangaliwa. Katika Kiswahili, ng' ya "ng'ombe" na ng ya "ngoma" ni sauti mbili, na ritifaa ni sehemu ya tahajia yenyewe. Jina la Ngugi wa Thiong'o lina sauti zote mbili, moja mwanzoni na nyingine karibu na mwisho. Anayeandika "Thiongo" amebadili sauti ya jina, anayeandika "Thiong'o, N." amemrudia baba tena, maana "wa" katika jina hilo yafanya kazi ile ile ya "bin".

Si kwamba mkato hauna mahali pake. Yapo majina ya nisba na ya koo yanayorithiwa kizazi hata kizazi, kama vile Mazrui. Kuandika "Mazrui, A. A." si kosa, ijapokuwa herufi za mwanzo pekee hazitoshi kuwatenganisha vyema Ali na Alamin, walioandika vitabu pamoja.

Watakuwapo watakaosema kwamba kompyuta na maktaba za nje hudai jina la ukoo, na kwamba usawa wa orodha ni bora kuliko usahihi wa kila jina. Hoja hiyo haina nguvu. Katika taaluma ya masomo ya Ethiopia, ni kawaida Waethiopia kuorodheshwa kwa jina la kwanza bila kugeuzwa, wala orodha hizo hazijavurugika. Usawa unaotakiwa ni wa kanuni. Na kanuni yaweza kuwa hii, kwamba jina la nasaba liandikwe kama mwenyewe alivyolitia sahihi, kwa ukamilifu, bila mkato. Jina la nisba au la ukoo ligeuzwe. "Al-" isihesabiwe katika mpangilio wa alfabeti. "Bin", "binti" na ritifaa zisidondoshwe. Na mwandishi mwenye majina mawili aelekezwe kutoka moja hadi jingine.

Kazi hii ni ya wahariri wa majarida na wasimamizi wa tasnifu, kwani ndio wanaowapa wanafunzi vielelezo vya kuiga. Taaluma ya Kiswahili imejadili kwa miaka mingi nani Mswahili na ipi fasihi yake. Haifai kwamba, baada ya mjadala wote huo, ukurasa wa mwisho wa makala umpe Mswahili jina asilolijua.