Emily Dickinson hakuandika kwa siri

Akitajwa Emily Dickinson, hadithi huwa ileile: binti wa Amherst, Massachusetts, aliyevaa nguo nyeupe, akavunjwa moyo na mapenzi, akajifungia chumbani na kuandika kwa siri hadi alipofariki mwaka 1886, ndipo mdogo wake Lavinia akayakuta mashairi. Hadithi inavutia, lakini inamdhulumu mshairi.

Ni kweli kwamba miaka ya mwisho hakutoka nyumbani kwao na wageni wengi hakuwapokea. Ila ni siri gani hiyo inayotiwa kwenye bahasha na kupelekwa posta? Mamia ya mashairi yake yalisafiri ndani ya barua. Wifi yake Susan, aliyeishi nyumba ya jirani, alipata takriban 250. Aprili 1862 Emily alimwandikia mhakiki Thomas Wentworth Higginson, ambaye hakuwa amewahi kuonana naye, akamtumia mashairi na kumwomba maoni. Huyo ni mtu anayetafuta msomaji.

Tazama na karatasi zenyewe. Alinakili mashairi kwa wino, akazitoboa karatasi pembeni na kuzishona kwa uzi, vikapatikana vijitabu 40 vyenye mashairi zaidi ya 800. Neno lisipomridhisha, aliliwekea alama ndogo ya msalaba, kisha chini ya ukurasa akaandika maneno mengine yanayoweza kukaa mahali pake. Hayo si machozi ya aliyeachwa. Ni kazi ya fundi aliyehitaji muda na utulivu, katika nyumba ambayo yeye ndiye aliyekuwa akiioka mikate yake. Mwanamume akifunga mlango aandike, twasema ana bidii. Mwanamke twamtafutia mchumba aliyemkimbia.

Basi kwa nini hakuchapisha? Mashairi kama 10 tu yalitoka akiwa hai, tena bila jina lake. Mwaka 1866 gazeti la Springfield Republican lilichapa moja baada ya kubadilisha alama za uandishi, naye akamlalamikia Higginson kwa barua. Alikuwa na sababu ya kuwaogopa wahariri. Kitabu cha kwanza, cha mwaka 1890, kilichohaririwa na Mabel Loomis Todd pamoja na Higginson huyohuyo, kilirekebisha vina, kikabadilisha vituo na kuyapa mashairi vichwa ambavyo hakuviandika. Wasomaji walisubiri hadi 1955, Thomas H. Johnson alipoyatoa yote karibu na yalivyokuwa katika mwandiko wake.