Eti muziki bila maneno ni kelele?

Jamani, hii hoja kwamba muziki usio na mashairi ni kelele za mashine tu imenichosha. Chukueni "Chime" ya Orbital, yaani ndugu wawili Waingereza, Phil na Paul Hartnoll. Waliirekodi 1989 nyumbani kwa wazazi wao, kwenye deki ya kaseti ya baba yao. Haina ubeti hata mmoja. Mwaka 1990 ikafika namba 17 Uingereza, wakaitwa kwenye kipindi cha runinga cha Top of the Pops. Wakatokea na fulana za kupinga kodi ya kichwa ya serikali ya Thatcher! Mtasema ujumbe ulikuwa kwenye fulana. Sawa, lakini nani aliwafikisha pale? Ni huo huo mlio mnaouita kelele. Wenye beti kumi kumi wangapi wamethubutu hivyo?