Haki ya Shule Si Sadaka: Tuidai kwa Maandishi

Kuna sentensi ambayo wazazi wengi wa Bujumbura wameisikia wakiwa wamesimama mlangoni mwa ofisi ya shule, mkono mmoja umemshika mtoto, wa pili umeshika cheti cha kuzaliwa: "Huyu mpelekeni kwenye shule yao." Husemwa kwa upole, pengine hata kwa huruma. Haitolewi karatasi, haitiwi sahihi, haiandikwi tarehe. Mzazi hushukuru, hugeuka, hurudi nyumbani. Mwaka hupita, na katika kumbukumbu zote za nchi jambo hilo huwa halikutokea.

Ninaandika dhidi ya sentensi hiyo, na dhidi ya ukimya wetu sisi tunaoipokea.

Tuanze na hiyo "shule yao". Ni ipi? Kuna shule ya vipofu Gihanga. Kuna Ephphatha ya viziwi hapa Bujumbura. Kuna Saint Kizito, iliyowapokea watoto wenye ulemavu wa viungo kwa miaka mingi. Wanaozihudumia wanastahili heshima yetu. Lakini shule za namna hii ni chache, nyingi zilianzishwa na makanisa au mashirika ya hiari, na nafasi zake haziwezi kuwatosha watoto wote wa nchi nzima. Mama anayeuza ndagala Buyenzi, akiambiwa ampeleke mwanawe Gihanga, anaambiwa kwa maneno mengine abaki naye nyumbani.

Isitoshe, wengi wa watoto hao hawahitaji shule ya peke yao. Mtoto mwenye ualbino, ambaye macho yake hayafikii ubao, anahitaji dawati la mbele, kofia ya kumkinga na jua, na maandishi makubwa. Asiyesikia vizuri anahitaji mwalimu anayemtazama anaposema. Anayetembelea kiti cha magurudumu anahitaji mteremko wa saruji penye ngazi tatu. Haya ndiyo mahitaji makubwa yanayosemwa kwamba shule ya kawaida haiyawezi!

Sheria yasemaje? Katiba ya Burundi inakataza mtu kubaguliwa kwa sababu ya ulemavu wa mwili au wa akili. Mwaka 2014 nchi yetu iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu. Kifungu cha 24 cha mkataba huo kinasema wazi kwamba mtoto asitolewe katika elimu ya msingi ya bure kwa sababu ya ulemavu wake, na kwamba shule ifanye marekebisho yanayomfaa. Mkataba unakwenda mbali zaidi: kumnyima mtu marekebisho hayo pale yanapowezekana bila kuleta mzigo uliopita kiasi ni ubaguzi. Kisha ikaja Sheria namba 1/03 ya tarehe 10 Januari 2018, ya kukuza na kulinda haki za watu wenye ulemavu nchini. Basi mkurugenzi wa shule anayempokea mtoto huyo hatoi sadaka, na mzazi anayeomba nafasi haombi fadhila.

Najua jibu litakalokuja: nchi ni maskini, madarasa yamefurika, mwalimu hakufundishwa alama za viziwi wala nukta za Braille. Yote ni kweli. Mimi ni mwalimu, sihitaji kusimuliwa habari ya madarasa yaliyofurika. Lakini tuliposikia mwaka 2005 kwamba karo ya shule ya msingi imefutwa, hatukuwa matajiri. Watoto walimiminika, na madarasa yakajengwa, mengi kwa kazi za pamoja za Jumamosi, kwa matofali tuliyoyabeba wenyewe. Taifa lililoweza kupandisha kuta hizo halikushindwa kumwaga mifuko michache ya saruji mlangoni. Halikukumbuka tu. Na halikukumbuka kwa sababu hapakuwa na mtu aliyeandika.

Hapa ndipo penye kiini cha neno langu. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Haki pia ni mali. Fedha za umma hufuata hesabu, na hesabu hufuata maandishi. Mtoto aliyerudishwa kwa mdomo haingii katika takwimu za shule. Asiyekuwamo katika takwimu haonekani katika mpango wa komini. Asiyeonekana katika mpango hatengewi hata faranga moja. Kisha mwaka unaofuata tunaambiwa: "Watoto wa namna hiyo hatunao hapa."

Na fedha hazikosekani kabisa. Serikali ilianza kuzipa komini milioni 500 za faranga kila moja kwa mwaka, kwa miradi ya maendeleo. Kila komini ina mpango wake wa maendeleo ya jamii. Ni wazazi wangapi waliowahi kudai mteremko wa shule au choo chenye mlango mpana kiandikwe katika mpango huo? Majirani zetu wa Kenya walianza mwaka 1984 kuweka vituo vya kuwapima watoto na kuwaelekeza shuleni. Kenya haikungoja kutajirika. Iliamua kwanza kujua watoto wake ni akina nani.

Tufanyeje basi? Kwanza, pata karatasi ya kituo cha afya au hospitali inayoeleza hali ya mtoto. Pili, mwandikie mkurugenzi wa shule barua fupi. Taja jina la mtoto, umri na darasa, kisha taja hasa anachokihitaji. Usiandike "naomba msaada". Andika "naomba aketi dawati la kwanza", "naomba aongezewe muda katika mitihani", "naomba darasa lake liwe la chini, lisilo na ngazi". Ombi lililo wazi ni gumu kukwepa. Tatu, toa nakala mbili. Moja ibaki shuleni, ya pili igongwe muhuri na kuandikwa tarehe ya kupokelewa, nawe uihifadhi pamoja na cheti cha kuzaliwa. Nne, usipojibiwa, peleka nakala kwa mkurugenzi wa elimu wa komini, kisha wa mkoa. Tano, kama huna uwezo wa kununua daftari, miwani au kiti, fika katika kituo cha maendeleo ya familia na jamii cha komini, CDFC, ambacho kazi yake ni kuwahudumia wasiojiweza. Sita, usiende peke yako. Kamati ya wazazi ipo. Umoja wa Watu Wenye Ulemavu wa Burundi, UPHB, upo. Barua ya wazazi kumi haiwekwi chini ya meza kwa urahisi kama ya mmoja.

Ukiambiwa "haiwezekani", omba jibu hilo liandikwe. Katika sarufi, "haiwezekani" ni kitenzi kinachomficha mtenda: hakisemi ni nani asiyeweza, wala kwa nini. Kalamu humlazimisha mtenda kujitokeza. Nimeona mama mmoja akiomba kwa adabu kuandikiwa sababu za mwanawe kukataliwa. Mkurugenzi alinyamaza kidogo, akaangalia karatasi tupu iliyo mbele yake, kisha akasema mtoto aje Jumatatu. Sababu iliyotamkika kwa ulimi haikuandikika.

Nasi wazazi tujikosoe. Wako watoto ambao shule haikuwakataa, kwa kuwa hawakufikishwa shuleni. Wamefichwa chumba cha ndani kwa kuogopa macho ya jirani. Hatuwezi kuidai Serikali imhesabu mtoto ambaye sisi wenyewe tumemfuta.

Kwa wenye mamlaka nina madai matatu. Shule isimrudishe mtoto bila sababu iliyoandikwa na kutiwa sahihi. Kila komini iwe na mtu aliyefundishwa kupima mahitaji ya watoto na kuishauri shule. Na bajeti ya elimu iwe na fungu linalojulikana la marekebisho hayo, lisitegemee wafadhili wanaokuja na kuondoka.

Mwezi Septemba milango ya shule itafunguliwa tena. Wewe mwenye mtoto wa namna hii, barua yako iandike sasa, kabla ya foleni. Usiyejua kuandika, mfuate mwalimu yeyote wa mtaa wako. Na mwalimu atakayekataa kukuandikia ukurasa mmoja, huyo naye aulizwe anafundisha nini.